Siku Kwaya Iliposimama Katikati ya Mpira

Siku za kazi mume wangu ni fundi wa friji, na Jumapili ni mwalimu wa kwaya. Ukimkuta na friji ni mtu mpole: anategesha sikio, anasikiliza mashine inavyokoroma, anatikisa kichwa, anaomba bisibisi. Ukimkuta mbele ya kwaya utadhani ni ndugu yake. Mikono inaruka, nyusi zinapanda na kushuka, jasho linamtiririka mpaka kwenye soksi. Mimi naimba alto, mstari wa pili, karibu na dirisha, kwa hiyo hayo yote nimeyaona kwa karibu kuliko nilivyotaka.

Katika mambo anayofundisha, analolipenda kuliko yote ni kumaliza. Anasema kuanza wimbo hata mlevi anaweza. Wimbo wetu ukifika mwisho anainua mkono wa kulia juu kabisa, anafunga ngumi, na sauti zote zinatakiwa kukatika kwa pamoja. Halafu hakuna anayetikisika mpaka ngumi ishuke. Ule ukimya baada ya wimbo ni wa Mungu, anasema, na mtu asiuharibu kwa kukohoa wala kujikuna. Nimewahi kusimama hivyo, nimekauka, mbu ananinywa damu shingoni nami namwangalia tu kwa pembe ya jicho.

Tatizo lilikuwa besi. Besi wetu ni wanaume wenye vifua, na mkubwa wao ni mwenye bucha ya pale kona, ambaye kila mtu anamwita Tetemeko kwa sababu akiimba vioo vya madirisha vinamwitikia. Ni watu wazuri, sina ubaya nao, lakini wimbo ukishawakolea wanafumba macho. Na aliyefumba macho haoni ngumi. Jumapili moja tulipata wageni kutoka makanisa mengine, watu wamejaa mpaka barazani. Wimbo ukafika mwisho, ngumi ikapanda, sisi wote tukanyamaza, na besi wakaendelea. Waliendelea peke yao, kwa furaha kubwa, kama basi lililokatika breki. Tetemeko alipofumbua macho tayari watoto wa benchi la mbele walikuwa wamelaliana kwa kicheko. Wageni nao walicheka, ila wao walijizuia, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi.

Mume wangu aliondoka kanisani bila kumuaga mtu. Nyumbani alikaa mezani, chakula kinapoa, akaniambia kwamba wale watu hawamwangalii na hawajawahi kumwangalia. Miaka yote amekuwa akipunga mikono mbele yao kama mtu anayefukuza nzi. Nilimwambia ale kwanza, hakula. Siku zilizofuata akawa kimya, na mtu wangu akinyamaza najua kuna kitu anakipika. Siku ya tatu akakipakua.

Jumamosi ya wiki hiyo tulikuwa na mechi na kwaya ya kanisa la ng'ambo ya barabara. Ni mechi ya kila mwaka, ya kujenga undugu, na undugu huo umejengwa kwa sisi kufungwa kila mwaka. Hatujawahi kushinda hata kwa bahati mbaya. Kocha ni mume wangu, maana mchungaji alisema mtu anayeweza kuwaongoza soprano anaweza kuongoza chochote.

"Nimemwekea Mungu jambo," aliniambia. "Tukishinda Jumamosi, nitajua bado ananitaka pale mbele. Tukifungwa, Jumapili naaga kwaya, nabaki na friji zangu."

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu una makali kuliko mkasi wangu. Nilimuuliza tangu lini Mungu amesajiliwa kwenye ligi. Nikamwambia kwamba kama anataka kuacha aseme anataka kuacha, asimtafutie Mungu kazi ya kumfukuza, kwa sababu anajua kabisa wale jamaa hatuwawezi. Alinyanyua sahani yake akaenda kuiosha, na alipofika kwenye sinia la vikombe hakuimba. Hapo ndipo niliposhtuka. Nilipoolewa naye alikuwa mtu wa kurudi, kula na kulala. Kwaya ndiyo iliyomfungua kinywa, ikamfundisha kuimba huku anaosha vyombo, ikamfundisha na kucheka. Nilimpenda yule wa kwanza, ndiyo, lakini huyu wa pili nilikuwa nimemzoea, na sikuwa tayari kumrudisha.

Basi wiki ile nilishona jezi kwa kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye majoho ya kwaya, na kila nikikanyaga cherehani nilikuwa naomba. Nilianza kwa kuomba kwa heshima, kwamba Mungu afanye anavyoona yeye. Nilipofika kwenye mikono nilikuwa naomba magoli. Mawili yangetosha.

Jumamosi tukakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mwamuzi alikuwa askari wa usalama barabarani, asiyesali kwetu wala kwao, mtu wa kaptula iliyonyooshwa vizuri, na filimbi aliipuliza kama yuko kwenye makutano ya barabara saa ya watu kurudi kazini. Golini alisimama Tetemeko, na ukweli ni kwamba akishakaa pale katikati, nafasi iliyobaki si kubwa. Mchungaji alicheza beki ya kulia, tumbo likitangulia kidogo. Mbele tulimweka Kijiko, teno wetu mwembamba, dereva wa lori la mchanga, ambaye hukimbia sana ingawa si mara zote anajua anakokimbilia.

Mume wangu hakupiga kelele kama makocha wengine. Aliongoza kwa mikono. Viganja chini, watulie. Viganja juu, wapande. Kidole kwa mtu, ni zamu yako. Wenzetu wa ng'ambo walicheka mwanzoni. Mimi nilikuwa na wanawake wa kwaya pembeni mwa uwanja, na kadiri mpira ulivyoendelea nikaona jambo la ajabu: besi walikuwa wanamwangalia. Mpira ukitoka, Tetemeko anamwangalia. Mpira ukirushwa, mabeki wanamwangalia. Nilidhani ni woga tu. Lakini walitulia, walipanda, walifuata kidole, na mapumziko yakafika tukiwa hatujafungwa. Watu wetu walikunywa maji wakitazamana kama watu waliokuta pesa barabarani.

Kipindi cha pili tukapata kona. Beki wao aliupiga mpira kwa nguvu zake zote kuuondoa, ukampiga Kijiko mgongoni na kuingia golini. Kijiko hakuona chochote. Alijua amefunga pale tu alipoona tunamkimbilia, na hata hapo alianza kwa kutukimbia.

Moja bila. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika kiuno, midomo inacheza. Nilijua anazungumza na nani. Muda ukayoyoma. Wale wa ng'ambo walitujia kwa hasira, tukaurudisha mpira, wakaja tena, tukaurudisha tena. Ikabaki kama dakika tano, na hapo ukaja mpira wa juu, taratibu kabisa, kuelekea kwa mchungaji, naye akaudaka kwa mikono miwili na kuukumbatia. Baadaye alijitetea kwamba ulimjia kama mtoto anayeletwa kubarikiwa.

Penalti. Mpigaji wao alikuwa kinyozi, kijana mwenye mguu wa kushoto unaoogopwa mtaa mzima. Wanawake wetu walishikana mikono. Mimi sikumshika mtu, mikono yangu ilikuwa kichwani. Kinyozi akaja, akapiga, na Tetemeko akaanguka upande uleule. Sisemi aliruka, alianguka tu, lakini alianguka pale mpira ulipokuwa unapita. Ukamgonga tumboni ukarudi mbele, hatua chache kutoka golini, mabeki wetu watatu wamesimama karibu nao. Ilibaki mmoja wao aupige tu uende zake.

Ndipo mume wangu aliporuka kwa furaha. Aliruka, akafumba macho, akainua mkono wa kulia juu kabisa, akafunga ngumi.

Kwaya nzima ikasimama.

Mabeki walikauka. Mchungaji alibaki na mguu mmoja hewani. Kijiko, kule mbele, aliganda mikono ubavuni kama yuko madhabahuni. Tetemeko alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, macho yake yote mawili yako kwenye ile ngumi, wala hapepesi. Hata sisi pembeni tulinyamaza ghafla, mazoea ni kitu kibaya, na mimi mwenyewe nilikauka kidogo kabla akili hazijanirudia. Na yule baba wa watu kafumba macho, anamshukuru Mungu wake, ngumi iko palepale juu, haishuki.

Kinyozi alitazama huku na huku. Nadhani alifikiri kuna msiba. Akamtazama mwamuzi, na mwamuzi, ambaye hakuwa amepuliza kitu, akampa ishara ya mkono ileile anayowapa wenye magari: pita. Basi kinyozi akausogelea mpira, akausukuma kwa pembeni ya kiatu, taratibu, karibu kwa adabu, ukaingia.

"Shusha mkono!" nilipiga kelele. Watu wanasema alto hatuna sauti za juu. Siku ile zilipatikana.

Aliposhusha na kufumbua macho, mpira ulikuwa wavuni na wenzetu wa ng'ambo wanakumbatiana. Ikawa zogo. Watu wetu walianza kuulizana nani kasema tusimame, huyu anamnyooshea yule kidole, na mpira ulipoanzishwa tena bado walikuwa wanaulizana, kinyozi akapita katikati yao akafunga la pili. Safari hii hakumtazama mwamuzi.

Mume wangu aliingiza mikono mfukoni na kuanza kutembea kuelekea getini. Nilimfuata mbio, kanga inanivuka, nikamkamata shati kwa nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeshajibiwa," alisema. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo liliniuma kuliko kama angefoka. "Umeona mwenyewe. Niliuliza, nikajibiwa."

"Sijui umejibiwa nini. Najua wale watu wanakutafuta."

Nilimgeuza kwa nguvu. Uwanjani mpira ulikuwa unaendelea, na wetu walikuwa wanacheza huku vichwa vimegeukia pembeni, mahali pale alipokuwa amesimama, kama watoto waliopotezana na mama yao sokoni. Tetemeko alikuwa ametoka nusu ya njia kutoka golini anachungulia. Kijiko alipigiwa pasi nzuri akaiacha ipite, kwa sababu alikuwa anaangalia getini. Mume wangu akaitoa mikono mfukoni. Akarudi mbio.

Nimewatazama wale watu wakicheza miaka mingi, na zile dakika za mwisho ndizo pekee nilizowahi kuziona kwa raha. Kiganja kimoja juu, wote wakapanda. Mchungaji alikimbia uwanja mzima, jambo ambalo mke wake alisema hajawahi kuliona hata siku mvua inapomkuta njiani. Kijiko akapiga shuti likagonga mwamba, sote tukaruka, likarudi, akapiga tena, kipa wao akalipangua. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyetafuta wa kumlaumu. Walicheza mpaka mwamuzi alipopuliza filimbi ile ndefu, na hapo ndipo walipolala chini, mmoja hapa, mwingine pale.

Mbili moja. Tulikuwa tumefungwa kama kila mwaka.

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa darasa la watoto wadogo. Wanaume wazima walikaa kwenye madawati mafupi, magoti yamefika kidevuni, ubaoni kuna hesabu za kujumlisha. Mchungaji alikuwa amefunga barafu kwenye ugoko. Mimi nilisimama mlangoni na mfuko wa nguo zao. Nilijua kinachokuja. Mume wangu akasimama mbele ya ubao, akakohoa, akasema ndugu zangu, kuna jambo nataka kuwaambia.

Tetemeko akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mwalimu, samahani, kabla hujasema. Kosa ni letu besi. Jumapili ile uliondoka hujatuaga, sisi tukabaki nyuma ya kanisa, tukaona haya. Tukakubaliana tujifunze kukuangalia. Wiki nzima hii, jioni nikishafunga bucha, tumekuwa tunakutana palepale. Mmoja anasimama juu ya kigogo cha kukatia nyama, anainua mkono kama wewe, wengine tunaimba. Asiyekauka ngumi ikipanda ananunua soda. Tulitaka tukushtukize kesho kanisani." Alijifuta uso kwa jezi. "Sasa leo ulivyoinua tu, mwili ukasimama wenyewe. Niliuona mpira, mwalimu. Niliuona kabisa. Ila ngumi ilikuwa juu."

Hakuna aliyecheka. Besi wengine walikuwa wanatazama sakafu. Mume wangu akakaa juu ya meza ya mwalimu. Nilidhani sasa hatasema tena. Lakini mtu wangu si mwongo, hata pale uongo ungemsaidia. Akawaambia yote: jinsi alivyokasirika, jinsi alivyomwekea Mungu sharti la goli, na kwamba mkataba ulisema wakifungwa yeye anaondoka. Alisema polepole, anatazama mikono yake.

Mchungaji alisogeza barafu kwenye ugoko. Si mtu wa maneno mengi akiwa na maumivu. Alisema tu kwamba ile Ijumaa ya msalaba, mtu angetazama ubao wa matokeo angeona Bwana wetu amefungwa vibaya sana. Wenzake wengi walitazama ubao wakaondoka uwanjani. Yeye hakuondoka, na sisi tunajua Jumapili kulitokea nini. Halafu akaguna na kuomba mtu amletee barafu nyingine.

"Lakini mwalimu," akasema Tetemeko, na uso wake mkubwa ulikuwa na mashaka ya kweli, si ya mzaha, "tulipokuwa nyuma kwa goli wewe ulirudi, kwa sababu filimbi ilikuwa haijalia. Sasa hii ya wewe kuacha kwaya, filimbi kapuliza nani?"

Nje wenzetu wa ng'ambo walikuwa wanaimba wimbo wa ushindi, na nitasema ukweli, waliumaliza ovyo, kila mtu na wakati wake. Mume wangu aliusikia huo mwisho, nikaona bega lake linatikisika. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na Kijiko akamwona akaanza naye, na kicheko kikapita dawati hadi dawati mpaka kikamfika mchungaji, ambaye alicheka huku anasema aa, mguu, mguu.

Kilipotulia, mume wangu alisimama. Aliwatazama mmoja mmoja, wale watu wa zambarau waliojaa vumbi, waliopoteza mechi waliyokuwa wameishika mkononi kwa sababu yeye aliinua ngumi nao walikuwa wamejifunza kumwangalia.

"Nilimwomba Mungu goli," alisema. "Nikasema asiponipa, basi hanitaki." Akamtazama Tetemeko. "Na yeye wakati huo alikuwa anawafundisha ninyi buchani."

Halafu akawauliza kama Jumanne mazoezi yaanze saa ileile, au wasogeze mbele kidogo ili Tetemeko apate nafasi ya kufunga bucha. Walianza kubishana, wote kwa pamoja, teno wanataka hivi na besi wanataka vile. Mimi niliweka ule mfuko wa nguo chini, nikatoka nje nikalie ukutani, maana sipendi kulia mbele ya besi.